Amri Iliyoombwa

Familia ya kijeshi inapohama haianzi kwa kufunga mizigo; huanza kwa kula. Wapakiaji hawachukui nyama iliyoganda wala chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo tangu amri ya uhamisho ilipotolewa, nyumba ya akina Gadsden ilikuwa ikila friza. Jioni ile mezani palikuwa na kamba waliosahauliwa tangu Krismasi, njegere, mikate ya kifungua kinywa iliyoota barafu pembeni, na bakuli la bamia ambayo hapakuwa na mtu aliyekumbuka ni nani aliyeipika.

"Hawa kamba," alisema Roscoe akifunua sufuria, "wamefikia umri wa kuandikishwa jeshini."

"Kula, Baba," Odessa alimjibu. "Huko Alaska utawaota."

"Huko Alaska sitaota kitu. Huko mimi ndiye nitakayekuwa ndani ya friza."

Baba na binti walicheka. Sajini Vernice Gadsden, mke wa yule na mama wa huyu, alitia chumvi katika chakula ambacho hakuwa amekionja.

Odessa alikuwa na miaka kumi na saba, naye baada ya likizo angeingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Tangu majira ya kuchipua alikuwa amechaguliwa kuongoza bendi ya shule: yule atanguliaye mbele ya tarumbeta na ngoma, fimbo ndefu mkononi, mgongo umepinda nyuma hata manyoya ya kofia yakakaribia kugusa nyasi. Katika mji ule wa Georgia watu huenda uwanjani kutazama bendi. Wachezaji wa mpira huwashikia nafasi tu. Kiongozi wa bendi hufahamika sokoni, kanisani na kwa kinyozi, na kinyozi mmojawapo alikuwa baba yake.

"Nimeirudisha fimbo leo," Odessa alisema, macho yake yakiwa kwenye sahani. "Bwana Tolliver amempa Corliss."

Roscoe aliacha kutafuna. "Corliss yupi? Yule anayetembea kama mtu aliyeingiwa na kokoto kiatuni?"

"Atajifunza. Nimeahidi kumfundisha kabla hatujaondoka." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, usinitazame hivyo. Si kosa lako. Uliomba, jeshi likakataa. Ungefanya nini tena?"

Vernice alisema kwamba angeongeza maji, akaenda jikoni, akafungua bomba, akasimama pale mpaka gilasi ikafurika mkononi mwake.

Hakuwa ameomba.

Mwezi wa tatu afisa anayepanga vituo alimpigia simu. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Sajini," alisema, "naona una mtoto anayekaribia mwaka wa mwisho shuleni. Unayo haki ya kuomba ubaki ulipo mpaka amalize. Niiandike?" Na kwa kuwa alikuwa mwaminifu pia, aliongeza kwamba nafasi ya Alaska ilikuwa ya usajini mkuu wa kombania, na kwamba Vernice akibaki, nafasi hiyo ingepewa mwingine.

Sajini mkuu wa kombania ndiye mama wa kombania nzima: ajuaye nani ameugua, nani anadaiwa, nani amepigana na mkewe. Vernice aliitamani kazi ile tangu alipokuwa koplo akifagia bwalo. Alikuwa amewaona wanaume aliowafundisha kufunga buti wakimtangulia kuipata. Alitazama ukuta wa ofisi yake, akajiambia kwamba Odessa amehama mara nyingi na kila mara amepata marafiki kabla ya maboksi kufunguliwa. "Hapana, bwana," alisema. "Hatuhitaji."

Nyumbani alisema kwamba amri imekuja. Roscoe alipouliza kama hakuomba wabaki, jibu lilimtoka bila kusukumwa: "Niliomba. Wamekataa." Uwongo ule ulikuwa mwepesi kwa sababu nyumba za askari zina mahali pa kuutua. Sikukuu ikikosekana, ni jeshi. Kabati likivunjika njiani, ni jeshi. Mtoto akimwacha rafiki yake analia barabarani, ni jeshi. Jeshi ni mtu wa nyumbani ambaye hali, halali, wala hajitetei.

Jumamosi asubuhi walitoa vitu vyote vya banda la gari na kuvipanga kwenye nyasi: vya kutangulia kwa ndege, vya kufuata kwa meli, vya kugawa. Roscoe alikuwa akikifunga kiti chake cha kinyozi kwa blanketi, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa, Malia Faleolo alipotokea nyumba ya pili akiwa amebeba sufuria ya tambi za nyama. Malia alikuwa Msamoa, mke wa sajini na mama wa Lagi, rafikiye Odessa, naye alikuwa na kicheko kilichotangulia kufika kabla yake.

"Haya! Mnapanga vitu nje kama watu waliofukuzwa," alisema. "Roscoe, hicho kiti bado unakihamisha? Kina safari nyingi kuliko rubani."

"Na hakijawahi kupewa hata soda ndani ya ndege, shemeji."

"Leteni bakuli. Nilijua mmekula friza mpaka mmefikia barafu yenyewe." Alimkumbatia Odessa ubavuni. "Lagi analia tangu jana. Anasema mwaka wa mwisho bila wewe ni adhabu. Nikamwambia ashukuru kwamba sisi walau tumeruhusiwa kubaki."

Roscoe aliinua kichwa. "Mmeruhusiwa nini?"

"Kubaki! Mume wangu alikuwa amepangiwa Korea. Akaomba Lagi amalize shule kwanza. Walimkubalia kabla chai yake haijapoa."

"Vernice walimkatalia."

Malia alimtazama Vernice, nao mkono wake ukabaki juu ya kifuniko cha sufuria. Alikuwa amehama na jeshi tangu ujana wake. Alizijua haki za mke wa askari kama wengine wanavyozijua sala. "Walikukatalia?" aliuliza. "Nani?"

"Nafasi ile ilikuwa ya haraka," Vernice alisema. "Kazi zetu si sawa, Malia."

"Ah." Malia alikifunga kifuniko polepole. "Basi, labda."

Lakini Roscoe alikwisha kuiacha kamba ya kiti. "Labda nini? Jumatatu naenda kwa kamanda mwenyewe. Nimemnyoa yule mtu tangu tulipofika hapa. Nimewahi kulikwaruza sikio lake kwa wembe na hakunikemea, atanisikiliza."

"Usiende, Roscoe."

"Kwa nini nisiende?"

"Utanitia aibu kazini."

"Aibu! Mtoto amerudisha fimbo, nawe unaogopa aibu?"

"Baba, basi," Odessa alisema. Aliweka mkono begani mwa mama yake mbele ya wote. "Mwache Mama. Amehangaika vya kutosha kwa ajili yangu."

Mkono ule ulikuwa mwepesi, wenye jasho la kazi. Vernice aliuvumilia mpaka ulipoondolewa.

Alasiri alikwenda kumchukua Odessa uwanjani. Jua lilikuwa kali na visubi walikuwa wengi, na bendi ilikuwa imekwisha kutawanyika isipokuwa wasichana wawili katikati ya nyasi. Vernice alizima gari akawatazama kupitia uzio. Corliss alikuwa na fimbo. Odessa alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yake, mikono mitupu.

"Usitazame miguu yako!" sauti yake ilifika hadi barabarani. "Ukiitazama wewe, nao wataitazama. Inua goti. Juu! Unaruka dimbwi, Corliss, si sisimizi."

Corliss aliiangusha fimbo. Odessa aliiokota, na kwa kitambo kidogo aliishika kama inavyostahili kushikwa: mkono umenyooka, kidevu juu, mwili mzima ukingoja ngoma ambazo hazikuwapo. Kisha akamrudishia mwenzake na kumrekebisha mabega.

Bwana Tolliver, mwalimu wa bendi, alikuja mpaka dirishani mwa gari akiwa ameivua kofia yake. "Sajini, sikutaka muondoke kabla sijasema neno," alisema. "Odessa ameniambia ulivyojaribu. Nakushukuru. Nimewaona wazazi wa kijeshi wengi hapa, na wengine hata hawaombi."

Vernice alifungua kinywa. "Karibu, mwalimu," alisema, kama mtu aliyeshukuriwa kwa keki.

Usiku ulipita bila kumpa usingizi, na kanisani siku iliyofuata aliimba maneno ya kitabu pasipo kuyasikia. Si haki kumpamba: sehemu ya ujasiri alioupata Jumapili ile ilikuwa hofu ya Jumatatu, ya Roscoe kuingia ofisi ya kamanda na kutoka na ukweli mkononi. Lakini sehemu nyingine ilikuwa ule mkono begani. Asingeweza kuwekewa mkono ule mara ya pili.

Walikuwa jikoni wakifunga sahani kwa magazeti, kwa kuwa Roscoe hakumwamini mpakiaji yeyote kwa sahani za marehemu mama yake. Vernice alikivuta kiti.

"Roscoe, keti. Odessa, nawe keti."

"Nikiketi sitainuka," Roscoe alisema. "Sema tu, bosi."

"Sikuomba."

"Hukuomba nini?"

"Kubaki. Afisa aliniuliza kama naitaka ile haki, kwa ajili yako, Odessa. Nikamwambia hatuhitaji. Jeshi halikukataa kitu. Niliitaka kazi ya Alaska."

Hapakuwa na aliyepiga kelele. Roscoe aliweka sahani aliyokuwa nayo juu ya gazeti, akalikunja gazeti upande mmoja, akasahau upande wa pili.

"Ulisema walikataa," alisema.

"Nilisema."

"Uliketi hapohapo ukasema."

"Ndiyo."

Odessa alikuwa akimtazama mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. "Na Kansas?" aliuliza.

"Kansas vipi?"

"Nilipokuwa darasa la tano. Nilipomwacha Bernadine na paka wangu. Ulisema ni amri."

"Ilikuwa amri."

"Na Ujerumani? Bibi alipokuwa mgonjwa, ukasema hawatuachi turudi?"

"Ilikuwa amri, mwanangu. Naapa mbele ya—"

"Usiape!" Sauti yake ilipasuka, kisha akaishusha. "Usiape, Mama. Mimi nimekuwa nikilichukia jeshi tangu nilipokuwa na meno ya utoto. Nililichukia ili nisikuchukie wewe. Sasa sijui nilipaswa kuchukia nini, na lini."

Vernice alitamani aseme jambo ambalo lingeisafisha Kansas, lingeisafisha Ujerumani, lingerudisha kila kituo mahali pake. Hakuwa na jambo hilo. Alikuwa amezitia doa hata kweli zake.

Roscoe alisimama dirishani. "Nimekifunga kile kiti kila kituo," alisema bila kugeuka. "Kila tulipofika nilianza na redio na mteja mmoja mzee asiye na nywele. Sikuuliza, kwa sababu jeshi haliulizwi. Unajua kinachoniuma? Ungeniambia, 'Roscoe, naitaka hii kazi,' ningekifunga siku ileile, nikiimba. Ningesema tu tumngoje mtoto. Ndilo ulilolikimbia. Hukuniogopa mimi, uliogopa neno 'ngoja'."

"Ni kweli," Vernice alisema.

"Najua ni kweli. Ndiyo maana nimelisema."

Jumatatu ni Vernice aliyekwenda ofisini, akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi. Afisa wa vituo alimwambia kwa simu kwamba amri ingeweza kubatilishwa iwapo angeleta ombi kabla ya ofisi kufungwa siku hiyo; ila nafasi ya kombania ingekwenda kwa mwingine, na isingemngoja mwakani. Vernice alishangaa jinsi neno lile lilivyompa nafuu. Angeipoteza kazi, na kwa kuipoteza angekuwa amelipa. Alitembea kwenda gari lake kwa hatua za mtu aliyetua gunia.

Alimkuta Odessa barazani kwa akina Faleolo, akimenya viazi pamoja na Malia.

"Tunabaki," Vernice alisema kabla hajafika ngazi. "Nimeshazungumza nao. Nikipeleka ombi leo, amri inafutwa. Nitazungumza na Bwana Tolliver kuhusu fimbo."

"Usizungumze na mtu!" Odessa alisimama, kisu bado mkononi. "Corliss ameshamwambia bibi yake. Ameshashonewa vazi. Nimpokonye nimwambie nini? Kwamba mama yangu alidanganya, sasa amejisikia vibaya?"

"Basi walau utakuwa na shule yako. Na nyumba yako."

"Nitakuwa na wewe ukiosha vyombo kwa uso huo." Odessa aliuonyesha uso wa mama yake kwa kidevu. "Mwaka mzima. Kila nikitoka kwenda kwa rafiki, utakuwa umekaa hapo umejinyima, nami nitapaswa kusema asante. Siwezi, Mama. Uliitaka ile kazi. Nenda ukaifanye."

"Na wewe?"

Odessa alimtazama Malia. Malia alijibu, akiendelea kumenya. "Chumba cha Lagi kina kitanda cha pili. Aliniuliza jana jioni, nikamwambia ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Kwetu mtoto hahitaji barua ya mwaliko. Mtaniandikia tu karatasi ya mwanasheria, shule isije ikanisumbua."

"Malia, siwezi kukutwika—"

"Hunitwiki. Yeye ndiye aliyeomba, na aliomba kwa kinywa chake." Malia aliinua macho. "Nami Jumamosi ulinifanya niimeze haki niijuayo mbele ya mtoto wako, ili nikufichie uso. Hilo tutalizungumza siku nyingine, tukiwa wawili. Leo nina viazi."

Vernice alisimama chini ya ngazi. Aliona kwamba kule kubaki alikokuwa anakuleta kama zawadi kulikuwa, nako, jambo alilojiombea mwenyewe: alitaka mtoto amchukulie hatia yake na kuihifadhi mwaka mzima. Aliona pia kwamba akienda, watu wangesema alimwacha mwanawe kwa ajili ya cheo, na kwamba hawangekuwa wamekosea. Hapakuwa na njia ya tatu iliyokuwa safi.

"Ndivyo unavyotaka?" aliuliza.

"Si ninavyotaka," Odessa alisema. "Nilichotaka kilikuwa mwezi wa tatu, ulipoulizwa."

Ofisi ilifungwa siku ile bila ombi. Roscoe alipoambiwa, alitikisa kichwa kama anavyofanya mteja akikataa mafuta ya nywele. Alisema atakuja Alaska, lakini si kwa ndege ya Vernice. Angelala kwenye kochi la akina Faleolo mpaka Odessa aanze shule, kisha angeendesha gari hadi huko, hata kama ingemchukua msimu mzima. "Nahitaji barabara ndefu," alisema, wala hakueleza zaidi.

Siku ya wapakiaji lori lilifika mapema. Watu wa lori hupakia kila wanachokiona; husimuliwa juu ya familia iliyofungua boksi ng'ambo ya bahari ikakuta pipa la taka likiwa na taka zake. Kwa hiyo kila nyumba hutenga chumba kimoja na kubandika karatasi mlangoni. Kwa akina Gadsden chumba hicho kilikuwa cha Odessa, na karatasi aliiandika mwenyewe: MSIPAKIE.

Kiongozi wa wapakiaji, mzee mwenye mkanda wa kiuno wa kuzuia mgongo usiumie, alisimama mbele ya mlango ule. "Na humu, mama? Vinakwenda ghalani?"

"Vinabaki," Vernice alisema. "Ni vya binti yangu. Atakaa kwa jirani amalize shule."

Mzee alipiga ulimi. "Jeshi hili. Halijali kabisa watoto wa watu. Kila nyumba nakuta yaleyale. Pole sana, mama."

Roscoe alikuwa ukumbini na boksi kifuani. Odessa alikuwa nyuma yake. Mzee alikuwa akisubiri kuitikiwa, kama watu wote wanavyomsubiri mfiwa, na kichwa kikiinamishwa kidogo tu kingetosha.

"Si jeshi," Vernice alisema. "Niliitaka amri hii mwenyewe. Niliweza kungoja, sikungoja."

Mzee alitazama viatu vyake, kisha akamwita kibarua wake mmoja kwa jambo lisilokuwa la haraka.

"Mama," Odessa alisema. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia mama yake tangu juzi. "Wamelifunga godoro langu. Liko karibu na lori."

Vernice alitoka nje. Godoro lilikuwa limevilingishwa nailoni tabaka juu ya tabaka, na utepe umepitishwa kila upande. Alipiga magoti kwenye nyasi, akaomba kisu, akaanza kukata. Nailoni ilikuwa ngumu, nayo ilimkata kidole mara moja, wala hakusimama. Odessa alisubiri juu yake, mikono imekunjwa, bila kuharakisha wala kusaidia. Utepe wa mwisho ulipoachia, msichana aliinama akashika ncha moja, na Roscoe akaliweka chini boksi lake akashika ncha ya pili.

Walilibeba wakavuka nyasi kuelekea kwa akina Faleolo, ambako Malia alikuwa ameushikilia mlango kwa mguu. Katikati godoro lilikuwa linalegea na kuburuza. Lilihitaji mtu wa tatu. Vernice alisimama, nailoni mikononi, akangoja kuitwa, na walipoingia ndani bila kumwita, aliikunja nailoni vipande vipande na kwenda kumwambia mzee kwamba jikoni wanaweza kuanza.